Mjusi Aliyetua Kaloleni, na Jinsi Nilivyoponea Kuitwa Mwongo

Mwaka wa 1938, nikiwa na umri wa miaka tisa, baba yangu alianguka kutoka juu ya mnazi na hakuamka tena. Alikuwa mgema. Tangu siku ile sijala chakula cha mtu bila kukitolea jasho. Shule nilisoma mwaka mmoja, kwa wamisheni, nikatolewa nilipokwisha kujua kuandika jina langu na la mama. Yaliyobaki nimefundishwa na mawe. Nimebeba mawe, nimevunja mawe, nimechonga mawe, na mwishowe nikawa na machimbo yangu mwenyewe upande wa Kaloleni na lori la kuleta mawe Malindi. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia si mtu wa vitabu. Mtu wa vitabu atakutana naye mbele, amekwama matopeni.

Nyinyi wenzangu wa baraza ya Shella, hapa Malindi, mmeniuliza tangu niliporudi: "Baya, kulitokea nini huko?" Kila mmoja nilimjibu kipande, na kila mmoja akakishona kipande chake na cha mwenziwe, na sasa nasikia sokoni kwamba nilipanda joka kutoka Kaloleni mpaka Malindi bila kulipa nauli. Basi nimeketi nikaandika. Someni, mniache ninywe kahawa yangu.

Jambo lililonitoa nyumbani

Ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa ukame, tulipokula unga wa njano uliotoka ng'ambo. Watu walilia njaa, lakini mahoteli ya Malindi na Watamu yalijengwa kama kwamba mvua inanyesha kwao peke yao. Na kila hoteli ilitaka mawe ya bapa ya kuzungushia bwawa la kuogelea. Bahari iko pale pale, ya bure, na mgeni anatoka Ulaya kuja kuoga ndani ya birika. Mimi sikuuliza. Niliuza mawe.

Jiwe langu linajulikana. Likitoka ardhini, upande wake wa chini huwa una vinundu, nasi tunaviita chunjua. Wachonga mawe wangu nimewafundisha mwenyewe: chunjua zote hukatwa kwa tindo mpaka jiwe liwe laini kama shavu la bibi harusi. Lakini hoteli moja ya Shella ilikataa ulaini huo. Meneja wao, Bwana Mutiso, mtu wa bara, alisema wageni wanateleza wakiwa na maji miguuni, wanaanguka, kisha wanakasirika kwa lugha tatu. Akataka mawe yenye mikwaruzo. Nikampelekea mzigo mmoja bila kuchongwa, na mafundi wake wakayapanga chunjua juu.

Juma lile lile akashukia pale bibi mmoja Mjerumani, Bi Hanna, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya mawe huko kwao kabla ya kustaafu. Wenzake walikwenda kuota jua. Yeye alipiga magoti kando ya bwawa kutwa, kichwa chini, mgongo juu. Watumishi wakadhani amepoteza pete, wakapiga magoti naye wakitafuta.

Halafu aliniita. Kiswahili alijifunza kwa kitabu, na kitabu chenyewe nadhani kilikuwa kikongwe kuliko sisi sote.

"Shikamoo, ewe mzee," akaniambia, naye amenipita umri.

Nikaona haya kuitikia, lakini salamu haitupwi. "Marahaba, Bi."

"Je, ni wewe uliyeleta nyayo hizi?"

"Hizo ni chunjua, Bi. Maradhi ya jiwe."

Akanishika mkono akanionyesha. Chunjua moja ilikuwa ndefu kama unyayo wa mtoto mchanga, na vidole vinne mbele. Iliyo kando yake ilikuwa na vidole vitatu, vimetazama pembeni kama mtu anayeelekeza njia asiyoijua. Kisha ndefu tena, kisha ya vidole vitatu. Nimeuza mawe miaka mingi na sikuwahi kuona, kwa sababu tulikuwa tukiyakata kabla ya kuyatazama.

"Huyu si ndege, wala si popo," akasema. "Ni jamaa ya mijusi, lakini aliruka. Kidole chake kimoja kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, na ngozi ya bawa ilitandazwa hapo. Akitua chini alilikunja bawa lake, akatembea kwa miguu na mikono." Akataja mamilioni ya miaka. Nilimwomba apunguze, akakataa.

Bwana Mutiso alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni. "Wacha hiyo mchezo, mzee," akasema. "Kijana yako alichonga hii vitu. Unataka kesho uniambie bei imepanda juu mawe iko na mnyama."

Ningemjibu, lakini hakungoja. Mpaka Ijumaa maneno yalikuwa yamezunguka mahoteli yote: Baya anachonga miguu ya uongo na kuwauzia Wazungu. Hoteli mbili za Watamu zililirudisha lori langu langoni likiwa limejaa. Mwenye cheti akiharibikiwa huonyesha cheti. Mimi sina. Nina jina, nalo lilikuwa linatafunwa kama mua.

Bi Hanna ndiye aliyesema neno la maana. "Mnyama haendi hatua nne tu akakoma. Hatua nyingine ziko zilikotoka hizi. Twendeni machimboni."

Bwana Mutiso akacheka. "Sawa. Nikiona hiyo nyayo kwa ardhi na macho yangu, nitasema mbele ya kila mtu mimi ndio nilikosea. Nisipoona, mzee, utang'oa mawe yako yote na mkono yako, wageni wakikuangalia."

"Tumeagana," nikamwambia.

Matope ya Dabaso

Tuliondoka Malindi asubuhi katika lori langu, mimi usukani, Bi Hanna katikati, Bwana Mutiso mlangoni na viatu vyake vya kung'aa. Nilitaka twende moja kwa moja mpaka kivuko cha Kilifi. Lakini tulipofika Dabaso, Bi Hanna akaona mikoko na maji yametoka kwenye hori la Mida, akapiga kelele nisimame. Nikadhani nimekanyaga mbuzi.

"Ili uyajue mawe yako," akasema, "lazima kwanza uyaone matope yako."

Tukashuka. Matope yalikuwa yamelala wazi, laini, yaking'aa, na yangeyange wamepita juu yake wakiacha alama kama za mshono. Bi Hanna akafurahi kama aliyeingia nyumbani kwao. Akasema kule Kaloleni, kabla ya mtu yeyote na kabla ya mnazi wowote, kulikuwa hivi hivi: maji ya chumvi yanayokuja na kutoka, matope, na wanyama wanaotafuta riziki ukingoni.

"Kaloleni ni vilima, Bi," nikasema. "Kuna mbuzi."

"Mbuzi walichelewa," akanijibu.

Akaeleza. Mnyama anakanyaga matope, anaacha shimo. Jua linayakausha. Mchanga unakuja juu yake na kulijaza shimo. Vyote vinakuwa mawe. Jiwe la juu ndilo lenye chunjua, na la chini lina shimo lake. Nikamwambia nimeelewa: ni kama mkate wa sinia na sinia yenyewe. Akaomba nirudie, akasema katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kupata mfano wa kula.

Halafu akataka tuone jinsi yule mjusi alivyotembea. Akanitazama mimi. Nikamwambia nina wajukuu. Akamtazama Bwana Mutiso.

"Mimi? Kwa hii suti?"

"Wewe ndiye usiyeamini," Bi Hanna akasema. "Mwenye shaka ndiye afanye jaribio."

Sijui walimu wa Ulaya wana dawa gani, maana mtu yule, ambaye hotelini hata mlango anafunguliwa, alivua viatu, akakunja suruali, akainama kwenye matope ya Dabaso na kwenda kwa miguu na mikono. "Viganja nje! Viganja vitazame kando!" Bi Hanna akaamrisha.

Kina mama waliokuwa wakiokota kombe karibu na mikoko walisimama wakatazama. Mmoja akapaza sauti: "Baba, huyo mwenzio kapoteza nini?"

"Hajapoteza kitu, mwanangu," nikajibu. "Anatembea kama mjusi."

"Kalipwa?"

"Anafanya bure."

"Basi ni mgonjwa," yule mama akasema, wakaendelea na kazi.

Bi Hanna alikwenda kuzipima alama za Bwana Mutiso, na hapo ndipo alipozama, hatua moja mpaka gotini, ya pili mpaka pajani. Hakupiga kelele. Akasema tu kwa upole, "Ewe mzee, nadhani nimeanza kuwa kisukuku." Kisukuku, aliniambia baadaye, ni kiumbe kilichogeuka jiwe. Nikamfunga kamba ya lori kwapani, na sisi na kina mama wale tukamvuta kama nyavu. Kiatu chake kimoja kimebaki Dabaso. Atakayekikuta siku za mbele na aandike kitabu.

Kivuko cha Kilifi

Tukafika Kilifi adhuhuri tukakuta msururu wa magari toka kivukoni mpaka juu kwenye wauza korosho. Pantoni ilikuwa ng'ambo, upande wa Mnarani, na haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la fahali. Alipandishwa kule ili avushwe, akafika katikati ya ubao wa kuingilia, akalala. Hakukuwa na aliyeweza kumwinua, wala pantoni haikuweza kuondoka na nusu ya fahali.

Watu wakatoa ushauri kutoka ng'ambo hii hadi ile, kwa sauti. "Mvuteni mkia!" "Mpeni maji!" "Mwiteni mwenyewe!" Mwenyewe alikuwa pale pale ameikumbatia pembe, akilia.

Tukanunua viazi karai na maji ya ukwaju. Bi Hanna, na kiatu kimoja cha kwake na ndara moja ya kununua, alimpa shikamoo kila mtu: muuza viazi, mwanawe, hata utingo mmoja aliyekuwa akimtukana kila mtu. Utingo aliitikia "Marahaba, mwanangu," na tangu hapo hakutukana tena mpaka tulipoondoka.

Muuza viazi, Bi Zuhura, akaniuliza mama huyu anatafuta nini. Nikamwambia. Akafikiri huku akigeuza viazi.

"Huyo mjusi alikuwa na manyoya?"

Nikamuuliza Bi Hanna. Akasema pengine alikuwa na laika laika kama vifaranga.

"Na makucha?"

"Anayo."

"Basi si halali," Bi Zuhura akakata shauri.

Mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akingoja na tenga lake la kuku akaguna. "Kwenu si halali. Kwetu tungemchoma. Mwaka huu tungemla na mabawa yake."

Wakabishana mpaka viazi vikaungua, na waliokuwa wakingoja pantoni wakagawanyika pande mbili, wa halali na wa si halali, juu ya nyama ya mnyama ambaye hakuna mwenye uhakika hata wa rangi yake. Bwana Mutiso alijikalia ndani ya lori, matope yamemkaukia, akasema watu wa pwani wana wakati mwingi. Nikamwambia fahali yule ni wa bara.

Yule mzee wa kuku alikuwa akirudi kwao Kaloleni, na hakuwa na gari. Angeweza kuvuka kwa mashua ndogo za watu wa miguu na kupata lifti ng'ambo. Nikaona heri nimpe ujumbe. Nikamwambia: "Pita machimboni kwangu, umwambie mpwa wangu Charo kwamba kesho naleta wageni wakubwa kuyatazama mawe. Ayaandae vizuri, nisiaibike."

Maneno hayo ndiyo niliyoyasema, neno kwa neno. Mzee akaondoka na kuku wake. Fahali aliinuka alasiri, kwa hiari yake, wala hakueleza sababu.

Kaloleni, nyumba ya Naibu wa Chifu

Tulipita Mavueni, tukaingia barabara ya vumbi, tukafika Kaloleni jua linazama. Habari zilikuwa zimetutangulia kwa mdomo wa mzee wa kuku, na tulimkuta Naibu wa Chifu amesimama barabarani na kofia yake na fimbo.

"Mzee Baya, nasikia unaleta Mzungu kutafuta nyayo."

"Naam, Bwana Naibu."

Akaangalia kushoto na kulia. "Punguza sauti. Hilo neno siku hizi lina wenyewe, ni mwito wa Rais. Ukisema nyayo, watu watauliza za nani na unazifuata au huzifuati. Sema alama za miguu."

Bi Hanna akaandika neno hilo jipya kwa makini.

Akatukaribisha kwake, maana alisema wageni wa serikali hawalali njiani. Nikamwambia sisi si wageni wa serikali. Akasema mtu akilala kwake anakuwa. Mkewe akaleta sima ya unga wa njano, mboga ya mchunga, na papa mkavu wa kuchemsha na nazi. Bwana Mutiso akaitazama ile sima.

"Hii si ni chakula ya ng'ombe?"

Mke wa Naibu akamjibu bila kuinua macho: "Ndiyo, baba. Ng'ombe wetu wamekufa, nasi tumerithi."

Bwana Mutiso akala. Alikula mara mbili, na papa akammaliza mpaka mchuzi. Bi Hanna alisifu mchunga kwa uchungu wake, akiwa ametokwa na machozi. Kisha Naibu akatuambia kwamba kesho atafuatana nasi, kwa usalama. Nilimuuliza usalama wa nani. Akasema wa mjusi.

Machimboni

Asubuhi tulisikia nyundo kabla ya kuyaona machimbo. Ko, ko, ko. Nikafurahi moyoni: vijana wangu wameamkia kazi, mgeni ataona. Tukapinda kona ya mwisho.

Charo alikuwa amesimama mbele ya watu wake, kanzu safi, tindo mkononi kama askari na bunduki. Nyuma yake mawe yote yamepangwa wima, safu kwa safu. Mzigo wa mwezi mzima, uliotoka ardhini na chunjua zake zote. Na yote yalikuwa laini. Yaking'aa. Hapakuwa na kinundu.

"Karibu, mjomba," akasema. "Tumekesha. Hakuna jiwe lililobaki na uchafu."

Nilimtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, niliyemfundisha kushika tindo kwa mkono huu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi, akingoja sifa.

Bi Hanna alikwenda kwenye jiwe la kwanza, akalipapasa. La pili. La tatu. Alipofika mwisho wa safu akatoa kitambaa akajipangusa uso. "Shikamoo," akamwambia Charo.

"Marahaba," Charo akaitikia, kifua mbele.

Bwana Mutiso alianza kucheka taratibu, na kicheko kikakua. "Mzee, sasa hiyo chunjua imeenda wapi? Imeruka?" Akajipiga paja. "Mimi nilijua. Nilijua tu. Wewe, kijana, mlikuwa mnachonga hizo miguu wapi? Hapa hapa?"

"Miguu gani?" Charo akauliza.

"Eti miguu gani!"

Nikamwambia Charo aokote vipande vilivyokatwa. Vilikuwa vimesagika kokoto, vimemwagwa njiani ili lori la wageni lisikwame. Tulikuwa tumepita juu yake.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nikajiona niko kando ya lile bwawa, nimepiga magoti, nang'oa mawe yangu moja moja mbele ya watu waliovaa chupi. Naibu wa Chifu akakohoa akasema pengine mjusi mwenyewe hakuwa raia.

Sasa, sisi watu wa Kaloleni, mgeni akifika na mambo yakaharibika, haondoki na koo kavu. Charo aliona uso wangu, hakuelewa kosa, akajua tu kwamba lipo. Akaita pombe ya mnazi. Wafanyakazi wangu hunywea mahali pamoja, upande wa nyuma, pale tulipokwisha kutoa mawe ya juu na kubaki sakafu ya chini, ngumu, isiyochimbika. Tukaketi huko. Mnazi tunakunywa kwa kifuu cha nazi, na kifuu, kama mjuavyo, kina tako la mviringo. Ukikiweka juu ya bapa kinaanguka.

Bwana Mutiso, mtu wa chupa na bilauri, akapewa kifuu kimejaa. Akanywa funda moja, akanitazama kwa raha ya mshindi, akakiweka chini kando yake. Kikapinduka, mnazi wote kwenye suruali, juu ya matope ya Dabaso.

"Ah! Kwani nyinyi hamna meza?"

"Weka shimoni, bwana," Charo akamwambia. "Hapo umekaa pa Katana, leo yuko matangani. Shimo lake lile, mkono wa kulia."

"Shimo gani?"

"Hilo. Kila mtu ana lake. Ndiyo maana twakaa hivi."

Nami nikainua macho nikatazama jinsi walivyokaa. Nimekunywa pale mara nyingi, na siku zote nilidhani wamekaa kilevi: safu mbili zilizopindapinda, huyu mbele kidogo, yule nyuma kidogo, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kila mmoja kifuu chake kimesimama wima, hakitikisiki.

Bwana Mutiso akainama kuangalia shimo la Katana. Akapangusa vumbi na mnazi kwa kidole. Akahesabu vidole kwa midomo bila sauti. Kisha, jamani, mtu yule akageuza kiganja chake nje, kama alivyofundishwa Dabaso, akakiweka kando ya shimo lile.

"Mama," akamwita Bi Hanna, na sauti yake haikuwa ya meneja. "Kuja uone."

Bi Hanna alikuja mbio na kiatu kimoja. Ndara aliiacha njiani. Akawaambia watu wote wainue vifuu vyao wasimame, nao wakasimama wakiwa wameshika mnazi kama watu wanaoapishwa. Akatambaa toka shimo hadi shimo. Mengine yalikuwa yameongezwa kidogo kwa tindo ili kifuu kikae vizuri, na kwa hayo aliguna kama aliyechomwa mwiba. Lakini mengi yalikuwa kamili. Mguu, mkono. Mguu, mkono. Alipofika kwenye shimo la kwanza kabisa, la Charo mwenyewe, akalipapasa mara mbili.

"Hapa miguu miwili iko pamoja," akasema. "Nyuma yake hakuna kitu. Kisha hatua fupi, fupi, halafu ndefu. Ewe mzee, huyu hakuja kwa kutembea. Alitua hapa. Alitoka hewani akagusa matope, akajituliza, kisha akaenda zake."

Sote tukatazama juu. Sijui kwa nini. Hata Naibu.

Na Naibu ndiye aliyeshusha macho wa kwanza. Akavaa kofia, akapiga fimbo chini. "Kuanzia sasa hivi mahali hapa ni pa serikali. Marufuku kuchimba. Marufuku kunywa." Akafikiri. "Marufuku kunywa baada ya hiki."

Charo akanivuta kando nyuma ya mawe. "Mjomba," akaninong'oneza, "bado mama hajapiga picha. Anatafuta mkanda. Tuko watu saba na tindo saba. Niambie tu, kabla hajageuka, sakafu yote hii itakuwa laini. Tukiacha hivi machimbo yamekwenda. Tutakula nini?"

Hakusema vibaya. Mwaka ule, kusema "tutakula nini" hakukuwa maneno ya mchezo. Nilitazama watu wangu saba, na sakafu ile, na lori langu. Machimbo yale niliyapata kwa mgongo huu.

"Weka tindo chini," nikamwambia.

"Mjomba, ni machimbo yako."

"Nikifuta hapa narudi Malindi mwongo mwenye machimbo. Umaskini nimeukaa, najua unavyokaliwa. Uongo sijaukaa. Weka tindo chini, mwanangu, umpelekee mama ndara yake."

Akaiweka. Bi Hanna akapata mkanda wake, akapiga picha mpaka ukaisha.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na fahali. Ndani ya pantoni Bwana Mutiso akaniambia, "Mzee, nitasema. Mimi nimesema nitasema."

Kweli alisema, lakini si kama tulivyoagana. Juma lile lile aliwakusanya mameneja wa Malindi na Watamu kando ya bwawa, nami nikaalikwa, nikavaa kanzu ya Idi ya kuazima ingawa mimi si Mwislamu. Nikangoja radhi yangu. Bwana Mutiso akasimama akawasimulia jinsi yeye, kwa macho yake mwenyewe, baada ya jaribio gumu la kisayansi huko Dabaso, alivyogundua alama za mjusi arukaye kwenye sakafu ya machimbo ya Kaloleni, mahali ambapo wenyeji walikuwa wakipita kila siku bila kuona. Akageuza kiganja nje akawaonyesha. Neno "nimekosa" halikutoka.

Nilitaka kuinuka. Bi Hanna akanigusa goti. "Ngoja, ewe mzee. Fikiri. Ili yeye awe mgunduzi, mawe yako lazima yawe ya kweli."

Nikafikiri. Na kweli, radhi yake ingesikiwa siku moja ikasahauliwa. Majigambo yake anayarudia kila mgeni akishuka, asubuhi na jioni, na kila akijigamba ananitolea ushahidi. Hajapata mtu kunisafisha jina kama anavyonisafisha yule bwana kwa uongo wake. Kabla ya mwezi kwisha, hoteli zote mbili za Watamu zilituma watu kuniomba mawe yenye chunjua. Nikawaambia sina, na hapo wakaamini zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa. Aliyewaambia joka mwambieni asome hapa. Na kwa kuwa mmoja wenu aliuliza safari ile iliniacha na nini, nataja nilicho nacho leo, bila kuongeza:

Nyumba ya mawe Shella, paa la bati. Lori moja linalokwenda, na jingine ambalo kuku hutagia. Shamba la minazi Kaloleni, la urithi wa mama. Mbuzi walionusurika na ukame. Mke mmoja. Tindo zangu zote. Kazi ya kununua mawe machimbo ya wengine na kuyauza kwa hoteli zile zile, wala hakuna linalorudishwa langoni. Wachonga mawe wanne, maana watatu walikwenda kutafuta kazi Mombasa na sikuwalaumu. Mpwa mmoja, mlinzi wa serikali mwenye kofia.

Machimbo sina.